Wanawake Wanne, Makasia Manane

SOMO LA MICHEZO

Wewe unayeishi Vigwaza unaujua Mto Ruvu. Unatoka milima ya Uluguru, unapita jirani nasi, unavukwa na barabara kuu ya Morogoro, kisha unakwenda kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Mtumbwi si kitu kigeni kwako. Umeuona ukisukumwa kwa upondo au kwa kafi, umebeba samaki, mkaa au watu wanaokwenda ng'ambo.

Lakini je, umewahi kusikia kwamba kuna wanawake wanaoshindana kwa vyombo vya majini mbele ya dunia nzima? Wapo. Leo tutasoma habari zao. Tutaona chombo chao kilivyo, kazi ya kila mmoja, na jinsi wanawake walivyopigania nafasi yao katika mchezo huu. Mwisho tutafanya hesabu kidogo, na kuna maswali ya kujibu.

KAFI NA KASIA

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Kafi hushikwa mikononi tu. Halifungwi popote. Mpigaji wa kafi hutazama mbele, kule anakokwenda.

Kasia ni refu zaidi, nalo hushikizwa kwenye ubavu wa chombo. Wavuvi wetu wa pwani hulishikiza kwa kamba iitwayo kishwara. Mpiga kasia hukaa ameelekea nyuma. Yaani anakwenda asikokuona, anaona anakotoka! Huo ndio mchezo tunaousoma leo.

Katika mchezo huu kuna namna mbili. Namna ya kwanza, kila mtu hushika kasia moja kubwa kwa mikono yote miwili. Namna ya pili, kila mtu hushika makasia mawili, moja mkono wa kulia na jingine mkono wa kushoto. Sisi tutasoma namna ya pili. Boti linaweza kuwa la mtu mmoja, la watu wawili, au la watu wanne. Wakiwa wanne, makasia ni manane.

CHOMBO CHENYEWE

Mtumbwi wetu huchongwa katika gogo moja. Ni mzito, na watu kadhaa huuburuta kwa shida. Boti la mashindano ni kitu kingine kabisa. La watu wanne lina urefu wa karibu mita 13. Ni jembamba sana, kiasi kwamba mtu akikaa ndani hubaki na nafasi ndogo tu pembeni. Hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, kitu kigumu lakini chepesi.

Sheria inasema boti hilo lisipungue kilo 52. Sasa pima mwenyewe: mfuko mmoja wa saruji una kilo 50. Kwa hiyo boti la wanawake wanne lina uzito wa mfuko wa saruji na kilo mbili juu yake! Wenyewe hulibeba mabegani mpaka majini.

Ndani kuna viti vinne. Kila kiti kina magurudumu madogo, nacho huteleza mbele na nyuma juu ya reli fupi. Miguu hufungwa katika viatu vilivyoshikizwa kwenye ubao. Kwa nini kiti kiteleze? Kwa sababu nguvu kubwa ya mchezo huu haitoki mikononi. Inatoka miguuni. Watu wengi hawalijui jambo hilo.

HATUA NNE ZA KUPIGA KASIA

Hatua ya kwanza ni kuzamisha. Mpigaji amekunja magoti, mikono imenyooka, kiti kiko karibu na miguu. Anaingiza makasia majini.

Hatua ya pili ni kusukuma. Anasukuma ubao kwa miguu, kiti kinateleza, mgongo unafuata, na mikono inavuta mwishoni kabisa.

Hatua ya tatu ni kutoa. Anayainua makasia kutoka majini, safi, bila kurusha maji.

Hatua ya nne ni kurudi. Anateleza polepole mpaka pale alipoanzia. Hapa ndipo anapopata kupumua, na hapa chombo hukimbia chenyewe.

Hatua hizo nne hurudiwa mara 30 na zaidi kwa kila dakika. Katika mbio moja, kila mwanamke huzirudia zaidi ya mara 200.

KAZI YA KILA MMOJA

Usidhani wale wanne wanafanya kazi moja tu. La. Kila kiti kina kazi yake.

Anayekaa karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, ndiye mpanga mwendo. Kwa kuwa wote wameelekea nyuma, wenzake watatu wanauona mgongo wake. Akiongeza mwendo, wote wanaongeza. Akipunguza, wote wanapunguza.

Wawili wa katikati ndio wa kuongeza nguvu. Wanafuata bila kubishana.

Anayekaa karibu na omo, yaani mbele ya chombo, anaiona migongo ya wote. Mara nyingi yeye ndiye anayeongea. Anageuza shingo kidogo, anatazama njia, anawaambia wenzake: sasa tuongeze, sasa tumewakaribia. Usukani nao huwa ni mdogo, umeunganishwa kwa waya na kiatu cha mmoja wao. Akigeuza mguu kidogo, boti linageuka.

Sasa, mama msomaji, wewe unakijua kinu. Wanawake wawili au watatu wakitwanga katika kinu kimoja, michi hupanda na kushuka kwa kupokezana. Mmoja akikosea wakati, michi hugongana na mahindi humwagika. Katika boti hampokezani. Mnakwenda wote kwa mara moja. Lakini sheria ya kinu na sheria ya boti ni moja: msikilize mwenzako kuliko unavyojisikiliza mwenyewe.

Mwenye nguvu nyingi akivuta peke yake, chombo huyumba na mwendo hupungua. Nguvu zake zinakuwa hasara kwa wenzake. Kwa hiyo walimu wa mchezo huu hawatafuti tu watu wanne wenye nguvu kuliko wote. Wanatafuta wanne wanaopatana.

WANAWAKE WALIVYOINGIA

Wanaume walianza kushindana kwa makasia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1900, mjini Paris, Ufaransa. Wanawake je? Hawakuruhusiwa. Wapo walioshindana kwao Ulaya, na kuanzia mwaka 1954 walikuwa na mashindano yao ya ubingwa wa Ulaya. Mwaka 1974 wakapata ubingwa wa dunia, mjini Lucerne, Uswisi. Lakini katika Olimpiki walisubiri mpaka mwaka 1976, mjini Montreal, Kanada. Toa 1900 katika 1976. Utapata miaka 76 ya kusubiri!

Wazee wetu wanaukumbuka mwaka huo wa 1976 kwa sababu nyingine. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilikataa kushiriki Michezo ya Montreal. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, nchi iliyokuwa chini ya makaburu, na New Zealand haikufungiwa. Mwanariadha wetu Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mbio za mita 1500 mwaka 1974, hakukimbia Montreal. Basi siku wanawake walipopiga makasia ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, Tanzania haikuwapo. Kila upande ulikuwa na madai yake ya haki.

Hata baada ya kuruhusiwa, wanawake walipewa nusu tu ya mwendo. Wanaume walishindana mita 2000. Wanawake mita 1000. Ilidhaniwa kwamba mwanamke hawezi zaidi ya hapo. Tena katika boti la wanne aliwekwa mtu wa tano wa kushika usukani, jambo ambalo halikuwa katika boti kama hilo la wanaume.

Sasa fikiri kidogo. Mwanamke anayechota maji mbali, akarudi na ndoo kichwani, akalima, akatwanga, akapika, huyo ndiye wa kuambiwa mita 1000 zinamtosha? Dhana hiyo ilidumu kwa sababu waliotunga sheria hawakuwauliza wenyewe.

Mambo yalibadilika katika Olimpiki ya Seoul, Korea Kusini, mwaka 1988. Wanawake walipewa mita 2000 kama wanaume, na mtu wa tano akaondolewa katika boti la makasia manane. Halafu katika Michezo ya Tokyo, Japani, iliyofanyika mwaka 2021, idadi ya mbio ikawa sawa: saba za wanaume na saba za wanawake. Hakuna aliyezimia kwa sababu ya mita 2000. Huko Tokyo, wanawake wanne wa China walimaliza mwendo huo kwa dakika 6 na sekunde 5.

MBIO ZA JULAI 2024

Tuzisome sasa mbio moja kwa urefu. Tarehe 31 Julai 2024, mahali paitwapo Vaires-sur-Marne, karibu na Paris, boti sita za wanawake wanne zilipangwa kila moja katika njia yake. Ilikuwa fainali ya Olimpiki.

Katika boti la Uholanzi walikuwamo Laila Youssifou, Bente Paulis, Roos de Jong na Tessa Dullemans. Katika boti la Uingereza walikuwamo Lauren Henry, Hannah Scott, Lola Anderson na Georgie Brayshaw. Wajerumani nao walikuwamo, na wao ni watu wa kuogopwa katika mbio hizi, kwa maana Ujerumani imezishinda mara nyingi.

Waholanzi wakatangulia. Walitangulia sehemu kubwa ya mwendo. Waingereza wakawa nyuma yao, lakini hawakuvurugika. Hakuna aliyevuta kwa hasira peke yake. Zilipobaki mita chache, wakaongeza mwendo kwa pamoja, kasia hadi kasia. Boti mbili zikavuka mstari karibu kwa wakati mmoja. Wenyewe hawakujua nani ameshinda! Ikabidi picha itazamwe.

Picha ikasema: Uingereza dakika 6 sekunde 16.31. Uholanzi dakika 6 sekunde 16.46. Ujerumani wa tatu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanawake wa Uingereza kushinda mbio hizo katika Olimpiki.

WASHINDI WAWILI NA HABARI ZAO

Usione washindi wamesimama na medali ukadhani njia yao ilinyooka. Georgie Brayshaw alipokuwa na umri wa miaka 15 alianguka kutoka juu ya farasi. Akapoteza fahamu kwa siku tisa. Alipozinduka, upande wake wa kushoto ulikuwa umepooza. Alijifunza upya kutumia mwili wake. Baadaye ndipo alipoanza kupiga makasia, mchezo unaotaka kulia na kushoto viwe sawasawa.

Habari ya Lola Anderson inatuhusu sana sisi tuliojifunza kusoma na kuandika. Mwaka 2012, akiwa msichana mdogo, aliwaona wanawake wawili wa nchi yake, Helen Glover na Heather Stanning, wakishinda mbio za makasia katika Olimpiki ya London. Akaandika katika daftari lake kwamba ndoto yake kubwa ni kwenda Olimpiki, na akiweza, ashinde dhahabu. Kisha akaona haya. Akajisemea kwamba hayo hayawezekani. Akaitupa karatasi ile kwenye taka.

Baba yake akaiokota. Hakusema neno. Akaitunza mahali salama kwa miaka. Mwaka 2019 baba huyo alikuwa mgonjwa wa saratani. Kabla hajafariki, akamrudishia binti yake karatasi ile. Miaka mitano baadaye, binti akapata alichokiandika.

Ndugu msomaji, karatasi haikumpa Lola nguvu za miguu. Nguvu alizipata kwa mazoezi. Lakini karatasi ilihifadhi neno ambalo mwenyewe alikuwa ameliacha. Hiyo ndiyo kazi ya maandishi. Na kwa wazazi kuna fundisho jingine: mtoto wa kike anapoandika jambo, tusiwe wa kwanza kulicheka.

DADA WA UGANDA

Huenda utasema: hayo ni ya Ulaya. Sisi je?

Jirani zetu wa Uganda wameanza. Kathleen Noble alizaliwa Kampala, kwa wazazi waliotoka Ireland. Alianza kwa kuogelea, na mwaka 2012 aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia ya kuogelea. Alipokwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, akajifunza kupiga makasia. Mwaka 2019 alipata nafasi ya Olimpiki katika mashindano ya Afrika yaliyofanyika Tunisia. Katika Michezo ya Tokyo akawa mpiga makasia wa kwanza wa Uganda kushindana katika Olimpiki. Mwaka 2024 akashindana tena, Paris.

Lakini angalia: Kathleen alishindana katika boti la mtu mmoja. Kumwandaa mtu mmoja ni kazi. Kuwaandaa wanne ni kazi kubwa zaidi, kwa sababu wanne wanatakiwa kukaa pamoja, kufanya mazoezi pamoja kwa miaka, na kuwa na chombo kimoja wanachokizoea. Boti la nyuzi za kaboni si la bei ya mtu wa kawaida. Tena linataka maji yaliyotulia na marefu kama ziwa.

JE, PWANI YETU INA NAFASI?

Ipo njia nyingine ya mchezo huu, nayo ni ya baharini. Boti za baharini ni pana zaidi na imara zaidi, zinavumilia mawimbi. Ziko za mtu mmoja, za wawili, na za wanne wenye makasia manane pamoja na mshika usukani. Katika mbio fupi za ufukweni, mshindani hukimbia mchangani, hurukia botini, hupiga makasia mita 250 akizunguka maboya, hugeuka, hurudi, kisha hukimbia tena mchangani mpaka mwisho. Mbio hizo zimewekwa katika ratiba ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, Senegal, ya mwaka 2026, na Olimpiki ya Los Angeles, Marekani, ya mwaka 2028.

Ufukwe tunao. Mawimbi tunayo. Tunao akina mama wa Mlingotini wanaolima mwani, ambao wanajua maji kujaa na maji kupwa kama wanavyojua njia ya nyumbani. Kinachotakiwa ni walimu, vyombo, na kwanza kabisa, kujua kuogelea.

Hapa ni lazima tuseme wazi. Mtu asisome somo hili akaenda kushindana Mto Ruvu! Ruvu una mamba na viboko. Wakati wa masika maji yake huenda kwa nguvu. Mchezo wa makasia huanza kwa kuogelea, mahali salama, pamoja na mtu anayejua. Boti la mashindano hupinduka kwa urahisi, na asiyejua kuogelea haruhusiwi kuliingia. Wasichana wengi wa vijijini hawafundishwi kuogelea, hata wale wanaoishi karibu na maji na wanaopanda mitumbwi. Jambo hilo ni la kuzungumzwa katika mikutano ya kijiji na shuleni, kwa sababu linahusu uhai kabla ya kuhusu medali.

TUFANYE HESABU

Chukua kalamu na daftari.

Kwanza: toa 16.31 katika 16.46. Jibu ni 0.15. Waingereza walishinda kwa sehemu 15 za sekunde moja iliyogawanywa mara 100. Ni muda wa kupepesa jicho.

Pili: dakika 6 na sekunde 16 ni sekunde 376. Gawanya mita 2000 kwa 376. Utapata karibu mita 5.3. Huo ni mwendo wa boti kwa kila sekunde. Ni kama baiskeli inayokanyagwa kwa nguvu.

Tatu: zidisha 5.3 kwa 0.15. Utapata karibu mita 0.8, yaani sentimita 80. Ni hatua moja ya mtu mzima. Mbio za kilomita mbili, mwendo ambao wewe kwa miguu hutumia karibu dakika 25, ziliamuliwa kwa hatua moja!

Sasa jiulize. Kama mmoja wa wale wanne angechelewa kuzamisha kasia lake mara moja tu katika mara zile zaidi ya 200, ile hatua moja ingebaki? Jibu unalo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kafi: chombo cha kupigia maji kisichofungwa popote.
Kasia: chombo kirefu cha kupigia maji, hushikizwa ubavuni.
Kishwara: kamba ya kushikizia kasia.
Omo: mbele ya chombo.
Tezi: nyuma ya chombo.
Boya: kitu kinachoelea majini kuonyesha njia.

MASWALI

1. Kafi na kasia vina tofauti gani?
2. Nguvu kubwa ya mpiga makasia inatoka wapi?
3. Anayekaa karibu na tezi ana kazi gani?
4. Wanawake walianza kupiga makasia katika Olimpiki mwaka gani? Walipewa mita ngapi?
5. Kwa nini Tanzania haikwenda Montreal?
6. Baba yake Lola Anderson alifanya nini na karatasi iliyotupwa?
7. Kijijini kwenu, ni kazi gani husemwa kwamba mwanamke haiwezi? Nani alisema hivyo? Aliwahi kuwauliza wanawake wenyewe? Jadilianeni katika kikundi chenu cha kusoma.
8. Andika katika daftari lako jambo moja unalotaka kulifanya ndani ya miaka mitano. Tia tarehe. Usilitupe.